Niliacha Bia, Sikuacha Baa

Kwenye jumuiya yetu ushuhuda una mwendo wake. Unaanzia gizani, unapitia ajali, ugonjwa au ndoto, unafika siku mtu anapovunja chupa na kuapa kwamba hata njia inayopita mbele ya baa hataikanyaga tena. Wangu ulimkwaza mwenyekiti. Niliposema nimeacha pombe, walipiga makofi. Nilipoongeza kwamba Jumamosi jioni bado napatikana baa ileile, kwenye kona ileile, makofi yakakauka. Bibi mmoja mwenye rozari mkononi akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, umeacha nini?"

Nimeacha bia, bibi. Baa sijaiacha kwa sababu ubao wa vishale uko huko, na mtu wa kipato changu hapa Mbezi Beach hana klabu nyingine ya kwenda. Muda wa jumuiya haukutosha kueleza, na mwenyekiti alishaanza kutafuta wimbo. Naeleza hapa.

Naishi upande wa juu wa Barabara ya Bagamoyo, si ule wa baharini wenye majumba na mageti ya umeme. (Wala si Mbezi Mwisho, kule Barabara ya Morogoro. Ndugu zangu kutoka mkoani hushuka huko na magunia yao, kisha wananipigia simu kuuliza bahari iko wapi.) Ila riziki yangu inatoka upande wa baharini: natengeneza jenereta na pampu za visima. Ni kazi inayolipa taslimu, na taslimu ikiwa mfukoni saa kumi na mbili jioni, kati ya Africana na Tangi Bovu, haina safari ndefu. Sitasimulia mengi ya miaka ile. Waliokunywa wanaijua, wasiokunywa wanaikisia vibaya.

Mikono yangu wakati huo ilikuwa na saa zake. Kuanzia alfajiri hadi saa nne hivi ilitetemeka, na nisipozimua sikuweza kushika jeti ya kabureta, kile kipande kidogo cha brasi chenye tundu jembamba kuliko sindano. Jeti ikidondoka kwenye majani ya bustani ya mteja hakuna kuipata. Kwa hiyo nilizimua. Mtu wa nje akisikia mlevi anaanza siku na konyagi hudhani ni starehe. Ilikuwa nyenzo ya kazi, imekaa kwenye mkoba pamoja na spana.

Ubao wa vishale ulikuwepo baa miaka yote hiyo, umening'inia kati ya jiko la mishikaki na mlango wa choo. Nilikuwa nawapita wachezaji nikienda kujisaidia, nikiwaomba radhi.

Mwanzoni mwa Januari 2023 dereva mmoja wa bodaboda wa kijiweni kwetu alinisogezea simu yake. "Fundi, hebu muone fundi mwenzio." Ilikuwa video ya robo fainali ya ubingwa wa dunia wa vishale, iliyochezwa siku ya mwaka mpya kwenye ukumbi wa Alexandra Palace, London. Upande mmoja alikuwa Gerwyn Price wa Wales, bingwa wa 2021 na namba moja wa dunia kwa wakati ule. Kelele za mashabiki zilikuwa zimemkera hadi akarudi jukwaani kutoka mapumziko amevaa vizuia kelele masikioni, vile vikubwa ninavyovaa mimi nikiingia chumba cha jenereta ya dizeli. Kijana alinionyesha kwa ajili ya hivyo. Alidhani nitacheka, na kweli nilicheka.

Kisha nikamtazama yule wa upande wa pili. Mjerumani, mrefu, mpana wa mabega, uso hausemi kitu. Anafika kwenye mstari, anainua mkono, vishale vitatu vinatoka kwa mwendo uleule, anakwenda kuvichomoa, anarudi kusimama pembeni. Ukumbi mzima unaimba, mwenzake amejiziba masikio, yeye mkono wake haujui kama kuna watu. Alishinda kwa seti 5 kwa 1. Jina lake Gabriel Clemens, na kijana alikuwa ameambiwa kwamba kabla ya vishale Clemens alisomea ufundi wa vyuma.

Hapo ndipo ushuhuda wangu unapoanzia, na najua hausikiki vizuri kanisani. Sikuona nuru wala sikuogopa jehanamu. Niliuonea wivu mkono wa mtu.

Nikamtafuta Clemens kwenye simu, bando baada ya bando. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1983 huko Saarlouis, jimbo la Saarland, karibu na mpaka wa Ufaransa. Kadi ya kucheza mashindano ya kulipwa aliipata mwaka 2018, na umri wake ulikuwa miaka 34. Kwenye mchezo ambao siku hizi unatawaliwa na Luke Littler, Mwingereza aliyetwaa ubingwa wa dunia Januari 2025 akiwa na miaka 17, mtu wa 34 anayeanza ni mzee. Ujerumani ilikuwa na kijana wake wa matumaini, Max Hopp, mzaliwa wa 1996, bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2015. Mwaka uleule wa 2018 ambao Clemens anaanza, Hopp alishinda mashindano ya wazi ya Ujerumani mjini Saarbrücken, Mjerumani wa kwanza kutwaa taji la mzunguko wa Ulaya. Saarbrücken ndio mji mkuu wa jimbo la kwao Clemens. Yaani taji la kwanza la taifa lilichukuliwa uani kwake, na mtoto mdogo kwake kwa miaka 13.

Mwingine angerudi kwenye vyuma vyake. Desemba 2020 Clemens akamtoa Peter Wright, bingwa mtetezi wa dunia, kwa seti 4 kwa 3, akawa Mjerumani wa kwanza kufika kumi na sita bora ya ubingwa wa dunia. Mechi iliyofuata akafungwa na Mpolandi Krzysztof Ratajski, nayo 4 kwa 3. Halafu ndiyo ikaja ile ya Price iliyompeleka nusu fainali, ambako hakuna Mjerumani aliyekuwa amewahi kufika. Huko akakutana na Michael Smith, akalala 6 kwa 2. Smith akaenda kuwa bingwa. Clemens akarudi nyumbani na pauni 100,000 na uso wake uleule.

Jumamosi baada ya kuiona video ile nikaomba vishale vya baa. Vilikuwa vya plastiki na brasi iliyochakaa, mabawa yamebaki nusu. Nikasimama kwenye mstari, ambao kwa kanuni uko mita 2.37 kutoka uso wa ubao, na katikati ya ubao iko juu ya sakafu kwa mita 1.73. Nilikuwa nimekunywa kidogo tu. Vingine viliingia ukutani, kimoja kilidondoka njiani, na wazee wa kona ile wakanitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko kama wangecheka. Nikanywa ili mkono utulie. Ulitulia kwa muda, nikagonga mbili tatu za maana, kisha ukalegea na macho yakaanza kuona ubao na mdogo wake.

Mlevi yeyote anayecheza atakwambia kuna kipimo cha katikati ambapo bia inasaidia. Ni kweli kipo. Kinapita haraka, na huwezi kukisimamisha. Wakali wa miaka ya 1970 na 1980 walipanda jukwaani mbele ya televisheni na glasi na sigara, na wengine walikuwa mabingwa hivyohivyo. Siku hizi mezani kwao jukwaani kuna maji. Sidhani walipata wokovu wote kwa pamoja. Mchezo umekuwa mkali mno kwa kipimo cha katikati.

Basi nikaenda kituo cha afya. Daktari, binti wa umri wa mwanangu mkubwa, hakunihubiria. Aliniuliza nakunywa nini, kiasi gani, na asubuhi inakuwaje. Kisha akaniambia neno ambalo natamani lingesemwa kwenye mimbari kabla ya zile sala za kufungua vifungo: mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka asikate ghafla peke yake chumbani, maana mwili unaweza kumgeuka kwa jasho, kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata degedege, na wapo wanaokufa. Akanipangia namna ya kushuka, akanipa na dawa, akataka mke wangu ajue. Mke wangu alikuwa anajua kila kitu isipokuwa kwamba na mimi najua.

Wiki zile mkono ulikuwa mbaya zaidi kuliko zamani. Nilipoteza kazi moja ya pampu kwa mteja aliyeniona nikishindwa kuingiza nati kwenye bolti. Nilikuwa naenda baa jioni, nasimama kwenye mstari na soda ya tangawizi, narusha, naokota. Marafiki walidhani nina malaria. Mmoja akaniwekea bia mbele kwa mapenzi kabisa: "Mzee, unajitesa. Toa loki kidogo." Nilimwambia ukweli, kwamba mkono wa kulia una vishale na wa kushoto una vingine vinavyosubiri, nikishika chupa nitarushia nini? Jibu hilo lilimridhisha kuliko ningesema nimeokoka. Ningesema nimeokoka angebishana nami hadi saa saba ya usiku.

Mwenye baa hakufurahi. Mteja wa soda anakalia kiti kama mteja wa bia na kulipa robo yake. Tulimaliza kiutu uzima: jenereta lake nalihudumia mimi, oili na pulagi juu yangu, na kona ya ubao ni yangu siku za kazi kuanzia saa kumi na moja hadi wateja wa jioni waingie.

Kona ile nikaifanyia kazi kama fundi. Nuru ilikuwa inatoka upande mmoja na kutupa kivuli, nikahamisha taa. Pangaboi lilikuwa linapeperusha vishale vyepesi, nikaomba lizimwe wakati wa mechi. Na mhudumu mmoja alikuwa na desturi ya kuumwagia ubao maji jioni, akiamini unalainika. Nikamzuia karibu kwa kupiga kelele. Mbao za zamani za mti ndizo zilizoloweshwa. Huu ni wa katani. Nyuzi zimekatwa fupi, zikafungwa mafungu, zikashindiliwa kwa mashine ndani ya duara la chuma, hivyo unachokiona usoni ni ncha zake zilizosimama wima kwa maelfu. Kishale kikiingia kinapenya katikati ya nyuzi, kikitoka nyuzi zinarudiana na tundu linajifunga. Ukiulowesha, katani inavimba, uso unafura, na vishale vinaanza kudunda. Kuutunza ni kitu kimoja tu: kuchomoa ile pete ya namba na kuuzungusha ubao, ili kipande cha 20 kinachopigwa na kila mtu kipate kupumzika.

Nilipouteremsha kuuzungusha kwa mara ya kwanza ndipo nikaona maandishi madogo: umetengenezwa Kenya. Nikakaa chini kwenye kreti.

Mimi ni mtoto wa mashamba ya mkonge, Korogwe. Baba yangu alikuwa mkataji. Alikuwa anatoka gizani na panga, anakata majani yenye miba ya ncha inayoweza kutoboa jicho, anayafunga mafungu ya hesabu, trekta inayapeleka kusagwa kwenye mashine ya korona, nyuzi zinatoka mbichi za kijani na kuanikwa juani hadi ziwe nyeupe. Mimea ile ya kwanza ililetwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Inasemekana aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikapitia Hamburg, na 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka kwenye hiyo 62 ikaja Tanga yote niliyoijua, na nchi iliyozalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960 na kuongoza dunia, hadi nailoni na kamba za plastiki zilipoua bei na mashamba yakageuka vichaka. Kampuni ya Winmau, ambayo mbao zake hutengenezwa Kenya, ndiyo inayotoa ubao rasmi wa mashindano makubwa ya kulipwa tangu 2022. Kwa hiyo Januari ile Clemens, Mjerumani, alikuwa anamtoa Price mbele ya ukumbi wa Waingereza kwa kuchoma katani iliyoshindiliwa Afrika Mashariki. Nilimweleza dada wa kaunta. Akaniambia, "Fundi, kunywa soda yako."

Kitu cha pili nilichokifanya kifundi ni vishale vyenyewe. Wanaolipwa hutumia tangsteni, metali nzito zaidi ya mara mbili ya brasi, hivyo kishale cha gramu 24 kinakuwa chembamba, na vitatu vinaweza kubanana ndani ya tripo, ile njia nyembamba ya milimita 8 inayohesabiwa mara tatu. Seti ya tangsteni iliyoletwa kutoka nje ni pesa ya pampu nzima ya mtumba. Nikaenda Gerezani kwa mafundi wa kerezo na fimbo ya brasi. Tulikereza, tukapima kwa mizani ya sonara wa jirani, tukapunguza nywele kwa nywele, tukachora mifereji ya kushikia. Ncha nilizitengeneza kwa waya wa chuma kigumu, na kwa hewa yetu ya chumvi lazima nizipitishe msasa kila wiki maana kutu haikawii. Ni vinene kidogo. Vinaruka sawa.

Kuna hesabu pia, na hii ndiyo iliyorudisha watoto karibu nami. Kila mchezo unaanza na 501, unatoa unachopiga, na lazima umalize sifuri kwa dabo, yaani kile kipande chembamba cha nje kinachohesabiwa mara mbili, au kwa buli, ile nukta ya katikati. Bodaboda wa kijiwe chetu wanatoa 137 kwenye 384 kabla karani wa benki hajafungua kikokotoo. Binti yangu wa darasa la sita alianza kunipima mezani. "Baba, 121?" Tripo 20, moja ya 11, buli. "Themanini?" Tripo 20, dabo 10. Akawa anatafuta namba zisizowezekana ili anikamate, na kwa kweli 169 haina njia ya vishale vitatu. Aliligundua mwenyewe na kwenda kulitangaza shuleni.

Namba nzuri kuliko zote ni 32. Ukibaki na 32 unapiga dabo 16. Ukikosa ukaangukia 16 ya kawaida, umebakiwa na 16, ambayo ni dabo 8, na 8 ni jirani yake hapohapo ubaoni. Ukikosa tena unabaki na 8, dabo 4. Kisha 4, dabo 2. Kisha 2, dabo 1. Unaweza kukosea mara nne mfululizo kwa namna hiyo na bado njia ipo. Linganisha na mtu aliyejiachia 19 au 25: akikosea kidogo tu anaanza kupiga hesabu upya. Wachezaji wazuri hawasubiri kufika mwisho ndipo watafute 32. Wanaanza kuitengeneza wakiwa bado na mia na kitu. Daktari wangu, ukitazama vizuri, alinipangia 32. Mimi mwenyewe kila nilipojaribu zamani nilikuwa nataka kumaliza kwa buli.

Sasa nirudi kwa Clemens, maana ushuhuda usiwe wa ubao peke yake. Baada ya 2023 nilitegemea apande zaidi. Hakupanda. Cheo chake kikaanza kuteremka, na nilitaka kujua kwa nini. Utaratibu wao uko hivi: kadi za kulipwa ni 128 kwa dunia nzima, na kila kadi inadumu miaka miwili. Ikiisha, lazima uwe ndani ya 64 bora, la sivyo unarudi kuigombea upya pamoja na watoto wa jana. Na ubora wenyewe hupimwa kwa pesa ya zawadi, ila si pesa yote uliyowahi kushinda. Ni ya miaka miwili ya karibuni tu. Pauni 100,000 za nusu fainali ile zilimbeba Clemens hadi mwanzoni mwa 2025, kisha zikafutwa kwenye jedwali. Hajaibiwa, benki zipo. Lakini kwa hesabu ya cheo, usiku ule wa Price haukutokea tena. Aanze kutafuta nyingine.

Mwanzoni niliona ni ukatili. Sasa naona ni utaratibu wa haki kuliko ule tulionao kwenye jumuiya. Kwetu mtu akishatoa ushuhuda, basi, umeshaingia kwenye daftari. Yuko mzee mmoja anasimulia alivyoacha pombe wakati wa Rais Mwinyi, na kila mtu anajua anakoishia Jumapili mchana, ila ushuhuda wake haujafutwa, kwa hiyo anaendelea kukaa benchi la mbele. Na yupo kijana aliyeanguka mwaka jana, ambaye miezi yote hii hajagusa kitu, naye hawamtazami usoni kwa sababu kuanguka kwake nako hakufutwi. Mimi ningependa vyote vifutwe baada ya miaka miwili. Nilichokifanya 2023 kisinibebe leo, na nilichokifanya kabla ya hapo kisininyime kiti. Nilimwambia hivi mwenyekiti baada ya ibada. Alinyamaza kidogo akasema nilete wazo hilo kwa maandishi, nikajua limekufa.

Mke wangu, kwa mfano, alikuwa na utaratibu wa haki. Hakupiga makofi. Kila niliporudi alisimama mlangoni akaninusa, kwanza mdomo, kisha shati, maana baa inanuka hata kwa asiyekunywa. Alininusa mwaka wa kwanza wote. Siku alipoacha hakusema kitu, alikuwa tu anaangalia tamthilia na hakugeuka. Anayedhani kuaminiwa huja kwa sherehe hajaoa.

Uchezaji wangu ni wa kawaida. Nawafunga askari wastaafu wa Lugalo wakichoka, wakiwa wazima wananifunga. Mia na themanini, yaani vishale vyote vitatu kwenye tripo 20, nimewahi kuipiga, na mashahidi wapo japo wawili kati yao walikuwa wamelewa. Tuna chama cha mchezo huu nchini, TADA, na vijana wanaojua kurusha hawapungui. Kinachopungua ni njia ya kuwatoa baa kwenda mbele. Mashindano yenyewe mara nyingi hudhaminiwa na bia, na sitojifanya sioni kichekesho chake.

Desemba 2025 ndipo kijiwe kikachafuka. Mkenya David Munyua, daktari wa mifugo, miaka 30, alipata nafasi ya Afrika kwenye ubingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kufika pale Alexandra Palace. Raundi ya kwanza akapewa Mbelgiji Mike De Decker, aliyekuwa ametwaa taji kubwa la World Grand Prix mwaka 2024. Akafungwa seti ya kwanza, akafungwa ya pili. Moja zaidi ingemrudisha nyumbani. Akashinda ya tatu, ya nne, na ya tano. Tatu kwa mbili. Raundi ya pili alitolewa, lakini hilo hapa kwetu hakuna anayelikumbuka. Watu ambao hawajawahi kushika kishale walikuwa wananunuliana bia kwa ajili ya daktari wa ng'ombe wa Kenya, nami nilinunuliwa soda nyingi hadi tumbo likajaa gesi.

Ninachompendea Munyua ni kilekile nilichokipenda kwa Clemens: alikuja na kazi yake mkononi. Mmoja anachoma sindano mifugo, mwingine alinyoosha vyuma. Hawa si watoto waliolelewa mbele ya ubao tangu wakiwa na nepi. Ni watu wazima waliotoka kazini.

Yule dereva wa bodaboda aliyenionyesha video ya 2023 sasa anarusha kuliko mimi. Jumamosi iliyopita alinifuata kwenye jenereta la mwenye baa, nikiwa nimelala chini na mikono imejaa oili. "Fundi, hiyo nafasi ya Afrika inapatikanaje?" Nikamweleza ninavyojua: ni lazima ushinde mchujo wa bara, na ili ufike huko lazima kwanza uonekane kwenye mashindano ya hapa nyumbani, kisha pasipoti, kisha nauli, kisha mtu wa kukushikia pikipiki. Akasikiliza yote. Akaniuliza kama naweza kumkerezea seti ya brasi, gramu 23, mifereji iwe ya karibukaribu. Nikamtajia bei. Akasema ya nini bei ya Masaki kwa mtu wa Tangi Bovu. Nikapunguza elfu tano. Anataka nipunguze na nyingine, na bado hatujaafikiana.